Ufundi Uko Kwenye Mshono

Novemba 1867 David Livingstone alifika kwa mfalme Mwata Kazembe, kusini mwa Ziwa Mweru, akamkuta amevaa kitambaa cha Manchester cha buluu na nyeupe, kimetiwa pindo la sufu nyekundu na kukunjwa marinda makubwa kiunoni. Mikono, miguu na kofia vilimetameta shanga za rangi mbalimbali zilizopangwa kwa ustadi. Vazi lile alilifananisha na sketi ya mama wa Kizungu iliyogeuzwa mbele nyuma. Huyo ni mgeni aliyetazama kitambaa akaukosa mshono. Marinda hayo, mukonso, bado yanavaliwa kila Julai huko Mwansabombwe, Mwata anapocheza Mutomboko.

Atatokea wa kusema: kitambaa ni cha Manchester, utamaduni uko wapi? Tuwaulize Wakorea. Enzi za Joseon wanawake wao walikusanya vipande vilivyobaki baada ya kukata nguo, wakaviunga kuwa vitambaa vya kufungia zawadi na kufunikia chakula, viitwavyo jogakbo. Katika vile vya kiangazi, ukingo wa kila kipande hukunjwa na kufichwa ndani ya mshono. Ukikiinua kitambaa juani huoni uzi uliofumuka upande wowote, ila mistari myembamba kama ya mipaka ya mashamba. Vingine, subo, vilidariziwa maua na ndege. Majina ya washonaji karibu yote yamepotea, lakini mkusanyaji Huh Dong-hwa alivikusanya kwa miaka mingi, na leo mkusanyo wake uko katika jumba la makumbusho ya ufundi lililofunguliwa Seoul mwaka 2021. Makombo ya mshonaji yamewekwa nyuma ya kioo! Aliyeamua kipande chekundu kikae wapi ndiye fundi, popote kitambaa kilipofumwa.

Ni kweli, mukonso ni fahari ya ikulu, na jogakbo ilizaliwa na ubanifu wa nyumbani. Basi tushuke Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, hadi soko la Kashikishi. Hapo chitenge humbeba mtoto mgongoni na kufunga mzigo, na kufunga ni kazi ileile ya kitambaa cha Kikorea. Tofauti iko kwenye masalio: fundi akishamaliza gauni, vipande vyenye maua nusu na samaki asiye na mkia hubaki miguuni pake, vikisubiri ufagio.