Mbiu inapozimwa: kirusi cha Jeddah na kisu kilichomo ndani ya seli

Kwa Waafrika wanaoishi Bani Malik, mtaa wa Jeddah wenye wageni wengi waliofuata riziki, jina la MERS si geni. Kati ya Januari 1 na Mei 16, 2014, watu 255 walithibitishwa kuambukizwa kirusi hicho mjini humo, na 93 kati yao wakafariki dunia. Aprili 21 ya mwaka huo Waziri wa Afya wa Saudi Arabia, Abdullah al-Rabeeah, aliondolewa madarakani.

Kirusi chenyewe kiligunduliwa Jeddah. Juni 2012 mgonjwa wa nimonia alilazwa katika Hospitali ya Dr. Soliman Fakeeh na kufariki siku 11 baadaye. Mtaalamu wa virusi kutoka Misri, Ali Mohamed Zaki, alikikuta kirusi katika makohozi yake, akapeleka sampuli Rotterdam, Uholanzi, na Septemba akautangazia ulimwengu. Tangu hapo zaidi ya watu 2,600 wamethibitishwa kuugua katika nchi 27, na zaidi ya theluthi moja wamekufa.

Kwa nini kirusi cha jamii ya korona kinaua kiasi hicho? Sehemu ya jibu imo katika vita vinavyopiganwa ndani ya seli, na silaha yake ni kisu.

Ifahamike kwamba jeni ni maagizo yaliyoandikwa katika DNA. Ili agizo litekelezwe, hunakiliwa kwanza kwenye RNA, na kwa nakala hiyo seli hutengeneza protini. Anayetaka kulizuia agizo si lazima aliguse lenyewe. Inatosha kuichana nakala. Mwili hufanya hivyo kila siku. Kimeng'enya kiitwacho Dicer hukata RNA kuwa vipande vya takriban herufi 22, na vipande hivyo huongoza protini nyingine hadi kwenye nakala zinazotakiwa kunyamazishwa. Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani, ambao mwaka 1993 walieleza kazi ya RNA ndogo ya aina hii katika mnyoo mdogo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Hicho ni kisu cha amani. Kiko kingine cha vita. Virusi kama cha MERS vinapozaliana huacha RNA yenye nyuzi mbili zilizoshikana, kitu ambacho seli yenye afya haina kwa wingi. Vimeng'enya vya ulinzi viitwavyo OAS vikiigusa RNA hiyo hutengeneza molekuli ndogo iitwayo 2-5A. Hiyo ndiyo mbiu ya mgambo. Ikilia, kimeng'enya ribonukleasi L, kilichokuwa kimelala, huamka na kuanza kukatakata RNA, ya kirusi na ya seli yenyewe. Utengenezaji wa protini husimama, na mara nyingine seli hufa ili jirani zake wapone. Hata vipande vinavyobaki havipotei bure: utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba huichochea seli kutoa intaferoni, yaani onyo kwa seli za jirani.

Kirusi cha MERS kina hila dhidi ya mpango huo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzao wa Cleveland walieleza kwamba protini yake iitwayo NS4b huikata ile 2-5A. Kisu hakiguswi, mbiu ndiyo inayozimwa. Walipoiharibu protini hiyo katika maabara, ribonukleasi L iliamka.

Habari hii inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa sababu ya ngamia, mnyama anayehifadhi kirusi hiki. Kingamwili dhidi yake zimepatikana katika damu ya ngamia iliyochukuliwa Somalia tangu mwaka 1983 na Kenya tangu 1992. Hata hivyo, wafugaji wetu hawajaonekana kufa kama watu wa Jeddah. Kenya ilifuatilia wahudumu 262 wa ngamia kuanzia Aprili 2018 hadi Machi 2020. Watatu walikutwa na kirusi, na hakuna aliyekuwa na dalili.

Mwaka 2018 uchunguzi wa virusi vya ngamia wa Afrika Magharibi ulikuta baadhi vimepoteza sehemu ya jeni ya NS4b. Lakini tusiharakishe kusema ndiyo sababu. Jeddah ugonjwa ulienea zaidi hospitalini, miongoni mwa watu wenye maradhi mengine, na virusi vya Afrika navyo hubadilika. Ngamia huvuka Bahari ya Shamu kwa maelfu kwenda kuuzwa Uarabuni, na kirusi hakiulizwi pasi.

Hadi leo hakuna chanjo ya MERS iliyoidhinishwa kwa binadamu. Kwa hiyo ushauri ni ule ule: maziwa ya ngamia yachemshwe, mikono ioshwe baada ya kumgusa mnyama, na mwenye homa na kikohozi aliyekaa karibu na ngamia amwambie daktari mapema. Hili la mwisho ni zito kwa ndugu zetu wasio na iqama, ambao huogopa mlango wa hospitali kuliko ugonjwa. Serikali inayotaka kuuzuia mlipuko ujao iwahakikishie kwanza kwamba wakienda kutibiwa hawatakamatwa, maana mgonjwa anayejificha naye ni mbiu iliyozimwa.