Baada ya Upasuaji wa Macho: Je, Mshipa wa Jicho U Salama?



Mwezi huu tunazungumzia jambo linalosahauliwa katika familia nyingi. Mzee akishapasuliwa mtoto wa jicho na kuona tena, nyumbani wote humshukuru Mungu, na safari za hospitali hukoma. Lakini kama mzee huyo ana presha ya macho, yaani glakoma, kuacha kwenda hospitali kunaweza kumletea upofu usiotibika.

MAGONJWA MAWILI TOFAUTI

Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi. Daktari huondoa lenzi hiyo, huweka ya bandia, na nuru hupita tena. Glakoma huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka habari kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi zipatazo milioni 1, na uzi ukifa hauoti tena. Mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili. Kumwondolea ukungu si kuuponya mshipa. Hata upasuaji wa glakoma yenyewe, ambao huteremsha presha, hauzirudishi nyuzi zilizokufa, huzilinda zilizobaki.

Glakoma ya kawaida huanza bila maumivu, na hula uwezo wa kuona wa pembeni kwanza. Robo ya nyuzi au zaidi huweza kupotea kabla kipimo cha kawaida cha upeo wa kuona hakijaonyesha kasoro.

PICHA YA NYUMA YA JICHO

Mwaka 1991 watafiti wa Marekani, wakiwamo David Huang na James Fujimoto wa chuo cha MIT, walitangaza kipimo kiitwacho OCT. Mashine yake hupeleka nuru hafifu ndani ya jicho na kupima jinsi inavyorudi kutoka kila tabaka. Si eksirei, wala haigusi jicho. Mgonjwa huegemeza kidevu na kutazama alama, na kazi huisha kwa dakika chache. Kwa mtu mzima mwenye afya, tabaka la nyuzi kuuzunguka mshipa lina unene wa wastani wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Mashine huonyesha mahali lilipopungua.

KWA NINI PICHA MPYA?

Ukungu wa mtoto wa jicho huipunguza nuru ya mashine, hivyo picha ya kabla ya upasuaji huweza kuonyesha tabaka jembamba kuliko lilivyo. Baada ya upasuaji namba mara nyingi hupanda kidogo. Tusidhani nyuzi zimeota! Mashine imeona vizuri zaidi, na pengine pana uvimbe mdogo wa majuma ya kwanza. Tukiilinganisha picha mpya na ile ya zamani, nyuzi huweza kuwa zimepungua na namba ikaonekana palepale. Ndiyo sababu daktari, jicho likishatulia, hupiga picha nyingine iwe kipimo cha kuanzia. Zote zijazo hulinganishwa na hiyo.

TUFANYE NINI?

1. Kabla ya upasuaji, tumwulize daktari kama mshipa wa jicho umeangaliwa.

2. Mwenye dawa ya matone ya presha asiiache baada ya upasuaji mpaka daktari amwambie.

3. Tutunze kadi na picha zote katika bahasha moja. Ikiwezekana, tupimwe kwa mashine ileile, kwa maana vipimo vya mashine za aina mbalimbali havilingani.

4. Pasipo na OCT tusikate tamaa. Daktari huweza kupima presha, kuutazama mshipa kwa kifaa chake na kupima upeo wa kuona.

5. Ndugu wa damu na watoto wa mwenye glakoma wapimwe pia, kwa kuwa ugonjwa huu hufuata ukoo.

6. Jicho lililopasuliwa likiuma, likiwa jekundu au likififia ghafla, twende hospitali siku hiyohiyo.

Katika Injili ya Marko sura ya 8, Yesu alimwuliza kipofu wa Bethsaida kama anaona kitu, kisha akamwekea mikono mara ya pili. Nasi tusimwache mzee wetu baada ya mara ya kwanza. Tumsindikize tena hospitali, hata kama anasema anaona vizuri.