Mbio Husomwa Kama Ubao wa Chuoni

Alfajiri moja, nikitoka msikitini hapa Kizingitini, nilimkuta mpwa wangu ameketi barazani kwao, ameshika miundi yake miwili kama mtu aliyepigwa. Kijana huyu ni mvuvi mwana wa mvuvi. Mikono yake huvuta nyavu usiku kucha bila kulalamika. Lakini siku alipokwenda kujaribu bahati yake katika Jeshi la Ulinzi la Kenya, mbio zilimwangusha. Alitoka mbele ya wenzake wote kama mshale. Mara pumzi zikamwishia, akapitwa na wavulana ambao baharini hawangemfikia.

"Mjomba," akaniambia, "nimekimbia wiki nzima kwa nguvu zangu zote, kama ulivyoniamuru. Leo hata kutembea siwezi."

Maneno hayo yalinichoma, kwani kosa lilikuwa langu. Na muda haumngoji: jeshi huchukua makuruta wa miaka 18 hadi 26, naye alikwisha timiza 24.

Basi nikaketi naye, nikamkumbusha chuoni. Je, mwalimu alimpa Juzuu Amma yote siku ya kwanza? La. Alianza na alifu na bee. Akaandikiwa mistari michache ubaoni, akairudia hata ikakaa, ndipo ubao ukaoshwa akaandikiwa mingine. Miguu nayo ina chuo chake.

Ndugu msomaji, mbio ndefu ni kazi ya moyo, mapafu na miguu, si ya mikono. Moyo na mapafu huzoea kwa majuma machache. Mifupa na kano hutaka miezi. Ndiyo sababu anayeanza hujiona ana pumzi ya kuongeza, akaongeza, miundi ikamlipisha.

Kwanza alipumzika mpaka maumivu yakaisha. Kisha tukapanga siku tatu kwa wiki, na kati yake mapumziko. Alitembea dakika tano kuuamsha mwili. Halafu akakimbia dakika moja, akatembea dakika mbili, mara nane. Kipimo cha mwendo kilikuwa ulimi: asipoweza kusema maneno matano bila kutweta, apunguze. Wiki hata wiki tukaongeza kidogo muda wa kukimbia na kupunguza wa kutembea. Baada ya miezi mitatu alikimbia nusu saa bila kusimama. Hapo tu ndipo tulipotia siku moja ya kasi: dakika mbili mbio, dakika mbili polepole.

Mchanga mkavu humchosha mtu upesi, kwa hiyo alichagua mchanga mgumu maji yakipwa, au njia iendayo Faza. Alikimbia baada ya alfajiri au jioni, kwani joto letu halina masihara. Ramadhani alipunguza, akakimbia baada ya tarawehe, maji yakiwa karibu. Mwenye pumu au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza.

Wazee wa barazani walimcheka: "Mtu mzima huyu anafukuzwa na nani?" Nikawakumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha, na mara ya kwanza bibi ndiye aliyeshinda. Wakanyamaza.

Kazi yenyewe iko mbele. Kuruta hupelekwa kufunzwa Eldoret, mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,100 hivi. Huko hewa ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo kuliko hapa kwetu. Mtu wa pwani huhitaji majuma kuizoea. Hatuwezi kuuleta mlima kisiwani Pate. Lakini kijana aweza kufika huko na moyo na miguu iliyokwisha soma, badala ya kuanza alifu mbele ya mkufunzi.

Juzi nilimfuata juu ya punda. Alikimbia huku akinisimulia bei ya kamba, safari nzima, wala sikumsikia akihema.

Bado hajaandikishwa, anangoja siku itangazwe. Dada yangu aliniuliza jana, "Na akikosa tena, kaka?"

Nikamjibu: "Riziki ni ya Mungu. Lakini akikosa, hatakosa kwa mbio."