Anayepunguza Uzito Aangalie Pia Hali ya Moyo

Wakazi wa Zuzu na maeneo mengine ya Jiji la Dodoma wanaopunguza uzito kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu wanapaswa kufuatilia hali ya moyo kama wanavyofuatilia mizani. Anayejinyima chakula ghafla huchoka upesi, hukasirika haraka na hukosa usingizi. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha. Si lazima kuacha ugali wa mtama au uwele. Kipimo kipunguzwe, mlenda na mboga nyingine ziongezwe. Kujitenga na sinia la familia, jambo ambalo wengi hulifanya kwa aibu, huongeza upweke.

Huzuni ya siku mbili hupita. Ikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, pamoja na kujiona huna thamani, huenda ni sonona, nayo ina tiba. Anayekonda bila kukusudia achunguzwe pia, kwani sonona yenyewe hukondesha, sawa na kifua kikuu.

Huduma huanzia kituo cha afya kilicho karibu. Inapobidi, mgonjwa hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, jijini humo. Jina hilo limegeuzwa mzaha mitaani, na mzaha huo huwachelewesha wagonjwa. Mwenye mawazo ya kujidhuru asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.