Kabla ya manamba wa steji, kulikuwa na vijana wa Mogadishu

Ukishuka steji hapa Eldoret na begi mgongoni, unajua kinachofuata. Manamba watatu wanakurukia, kila mmoja anadai wewe ni wake. Ukidhani huo ni ujanja wa juzi, hebu rudi nyuma hadi 1331.

Mwaka huo Ibn Battuta, msafiri wa Morocco ambaye baadaye alifika hadi Dola ya Mali, alitia nanga Mogadishu. Mashua ndogo zikaizunguka meli, ndani vijana, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa. Kijana anampa mfanyabiashara sinia na kutangaza: huyu ni mgeni wangu. Imeisha hiyo! Mgeni analala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia mali. Mzoefu wa mji tu ndiye aliyejichagulia pa kulala.

Sasa hapa ndipo mabroka wetu wa mahindi wangetoka jasho: ukinunua kwa mgeni kwa bei ya kumnyonya, au ukimuuzia mwenyeji wake akiwa hayupo, biashara hiyo haitambuliwi. Waza mkulima wa Uasin Gishu akiwa na mtu kama huyo siku lori linapoingia shambani.

Ibn Battuta hakuwa mfanyabiashara, kwa hivyo alipelekwa kwa kadhi. Akapitia Mombasa, akafika Kilwa, mji ulionona kwa dhahabu ya Sofala, akapokewa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Sarafu ya shaba ya sultani huyo ilikuja kupatikana Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari.