Nyumba Chakavu Dar es Salaam: Kipi Kinarekebishika, Kipi Hakirekebishiki?

Kila msimu wa korosho unapofungwa, simu za aina moja huingia studio: "Mtangazaji, nimepata hela kidogo. Dalali anasema kuna nyumba chakavu Dar, bei ya kutupa. Nikiikarabati na kupangisha, si nitakula kodi nikiwa hukuhuku kijijini?"

Inawezekana. Lakini, ndugu msikilizaji, kabla ya kuuliza bei, tenganisha kinachorekebishika na kisichorekebishika.

Bati lililotoboka, plasta iliyobanduka, nyaya mbovu na choo kilichojaa ni kazi ya fundi. Kasoro hizo hushusha bei, na hapo ndipo nafuu yako ilipo.

Mahali nyumba ilipo, hakuna fundi wa kupahamisha. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliharibu makazi ya Bonde la Msimbazi, na mwishoni mwa 2015 nyumba nyingi za bondeni zikabomolewa. Mwaka 2017 ikawa zamu ya nyumba za Kimara zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Kwa hiyo kaione nyumba mwenyewe, ikiwezekana wakati wa masika. Tafuta alama ya maji ukutani, uliza majirani, na ukikuta X imepigwa rangi ukutani, ulizia sababu yake.

La pili ni karatasi. Kama kuna hati, omba upekuzi ofisi ya ardhi: utajua nyumba ni ya nani na kama imewekwa rehani benki. Muhuri wa serikali ya mtaa peke yake hauhamishi hati. Uhamisho husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kama ni nyumba ya urithi, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Na kama ni nyumba ya ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mume au mke kuiuza bila ridhaa ya mwenzake.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Umenunua kwa milioni 40, ukarabati milioni 10. Vyumba sita, kila kimoja shilingi 60,000 kwa mwezi, ni 4,320,000 kwa mwaka. Hela yako itarudi baada ya zaidi ya miaka 11, tena bila kuhesabu chumba kukaa kitupu, kodi za serikali na posho ya msimamizi. Kama hela hiyo ni ada ya watoto au pembejeo za msimu ujao, haiwezi kungoja miaka yote hiyo.

Mwisho, dalali akikuambia utume kwa simu hela ya "kuishikilia nyumba", usitume. Nauli ya basi kwenda kuiona ni ndogo kuliko korosho za msimu mzima.