Mkufu wa ushanga humfuata mvaaji, si soko

KWA mwanamke wa Kiturkana anayeishi Kaikor, kaskazini mwa Kaunti ya Turkana, ushanga si pambo la sherehe pekee. Huuvaa akichota maji, akichunga mbuzi na akienda sokoni. Ndiyo sababu jamaa aliyeko Lodwar, Kakuma au Nairobi akitaka kumtungia shangazi yake mkufu, hana budi kumfikiria mvaaji kabla ya kufikiria rangi.

Wengi hukosea hapa. Hununua mkufu uliokwisha kutungwa kwa ajili ya watalii, wakaufunga kwenye karatasi na kuutuma. Mkufu hufika ukiwa umebana koo, au una mtindo usiomfaa mtu wa rika lake. Shangazi hushukuru kwa adabu, kisha huuweka sandukuni, nao usirudi kuonekana tena.

Jambo la kwanza, basi, ni kuuliza. Miongoni mwa Waturkana, wingi wa ushanga na namna unavyovaliwa hueleza umri wa mwanamke na hadhi yake. Aliyeolewa hutambulika pia kwa pete ya chuma anayoivaa shingoni, na mkufu mpya hauna budi kuiachia nafasi. Msiba nyumbani nao hubadili mavazi. Anayeyafahamu haya vyema ni mama mzee wa ukoo, na rai yake hutangulia uzi na sindano.

Baada ya hapo hufuata vipimo. Mtindo wa Kiturkana ni rundo la nyuzi nyingi: za juu hukaribia kidevu, za chini hutanda mabegani. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Chukua uzi, pima chini ya kidevu, katikati ya shingo na penye mabega. Ikiwa uzi wa juu ni sentimita 36 na wa chini ni sentimita 60, wastani ni sentimita 48.

Ili kujua kiasi cha ushanga utakaohitajika, tunga punje 20 uzipime. Zikifika sentimita 3, uzi wa sentimita 48 utachukua punje 320, na nyuzi 10 zitachukua punje 3,200. Ongeza akiba kidogo kwa zile zitakazovunjika. Hesabu hii ina uzito kwa mtu wa Kaikor, kwani rangi ikimwishia katikati ya kazi, huenda akalazimika kusubiri gari la Lodwar.

Katika kununua, chagua punje za kioo badala ya plastiki, kwa kuwa plastiki huchakaa na kupauka upesi katika jua kali la Turkana. Zisugue kwa kitambaa cheupe chenye maji na sabuni. Zikiacha rangi, zitaacha rangi shingoni pia. Uzi uwe imara, kwani jasho na vumbi huulegeza, na mafundo yakazwe mara mbili.

Kuhusu rangi, tahadhari inahitajika. Zipo orodha zinazodai kwamba nyekundu ina maana hii na buluu ina maana ile. Maana hizo hutofautiana baina ya jamii na jamii, na za Wamaasai haziwezi kubandikwa kwa Waturkana. Njia iliyo salama ni kuutazama mkufu ambao shangazi anaupenda tayari, kisha kupanga rangi zitakazopatana nao. Panga punje chache juu ya kitambaa, umwonyeshe au umwonyeshe binti yake, ndipo utunge.

Yupo pia atakayetamani punje za ganda la yai la mbuni, ambazo zimetumika tangu kale katika mavazi ya Waturkana. Huyo akumbuke kwamba Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki nyara bila kibali. Kipande cha zamani kilichorithiwa nyumbani kisichukuliwe kuwa ruhusa ya kuokota mayai porini.

Desturi hii ina mizizi mirefu. Huko Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana, wanaakiolojia walichimba makaburi ya wafugaji walioishi takriban miaka 5,000 iliyopita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa karibu kila aliyezikwa pale, awe mtoto mchanga au mzee, alikuwa na mapambo: shanga za ganda la yai la mbuni, au vidani vya mawe ya rangi. Hakuna dalili kwamba mapambo yalitengwa kwa ajili ya wakubwa wachache.

Mwisho ni suala la malipo. Mwaka 2017 serikali ilianzisha mpango wa Ushanga Kenya ili kuwainua wanawake watungaji katika kaunti saba za wafugaji, Turkana ikiwemo. Hata hivyo, mteja mmojammoja naye ana wajibu. Mkufu wa punje 3,200 ni kazi ya siku nyingi, na kila punje hupita mkononi. Anayemwagizia jamaa yake mkufu alipie siku hizo, si ushanga pekee, na ikiwezekana amwombe mtungaji aketi na msichana wa nyumbani wakati wa kutunga. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete; lakini pete haivishwi kama hakuna aliyebaki anayejua kuitengeneza.